Neno la Mshika Kamba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema na mtu aliyekuwa juu ya mti. Nilimwambia maneno sita, na yote yalitoka kitabuni: "Fundi, anzia chini kwanza! Tawi litachanika." Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Wala sikupaza sauti sana. Nilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi ya stoo katika hoteli moja ya watalii juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mashuka, mablanketi, balbu, na sabuni miaka ile sabuni ilipopatikana. Nilikuwa napanga mablanketi mpaka kingo zake zilingane, halafu nayapangua yote kwa sababu moja la katikati limetokeza kidogo. Shule yangu iliishia darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada na kwa vitabu ambavyo wageni walivisahau vyumbani. Kimoja kilikuwa kijitabu cha utunzaji wa miti, chenye picha za matawi yaliyokatwa vizuri na mengine yaliyokatwa vibaya, haya ya pili yamewekewa alama ya mkasi, ile ya kosa. Nilikisoma mara tatu kabla sijawahi kushika msumeno.

Mti wenyewe ulikuwa wa mama. Ulikuwa mkaratusi, nyuma ya nyumba yetu pale Karatu. Baba aliupanda mwaka aliohamia kutoka Kilimanjaro na cherehani yake, kabla sijazaliwa. Ulikuwa umerefuka kupita miti yote ya mtaa, na watu walielekezana kwa huo: pita mkaratusi wa fundi cherehani, halafu kata kushoto.

Nyuma yake, upande wa mashariki, kulikuwa na korongo. Nilipokuwa mtoto lilikuwa mfereji wa kuruka. Kila masika maji yalikula udongo mwekundu, na mwaka ninaouzungumzia lilikuwa limefika mtini. Mizizi ya upande ule ilikuwa nje kabisa, imening'inia, unaweza kuishika kwa mkono. Upepo wetu nao hutoka mashariki. Kwa hiyo mti uliinama upande wa magharibi, na magharibi yake, hatua tisa, kilikuwa chumba alicholala mama. Ikija masika udongo ungelainika, na upepo wa siku moja ungetosha. Ama watu wauangushe mti kabla ya mvua, ama mvua iuangushe juu ya mama.

Nilimwomba ahame kwa muda.

"Nihamie wapi?" aliniuliza. Alikuwa anachambua maharage. "Kwa jirani? Nikalale na mbuzi wa watu?"

"Ni wiki chache tu, mama."

"Baba yako aliniambia mti huu utanipa kivuli. Hakuniambia utaniua."

"Hakujua kama korongo litafika."

"Basi ukate. Ukate kesho ukitaka. Lakini mimi chumbani kwangu sitoki."

Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nitasema ukweli juu ya hilo pia. Siku ya mazishi sikulia. Nilisimama kaburini nikitazama misumari ya jeneza, na niliona miwili haikukaa kwenye mstari. Watu walidhani nimezidiwa na uchungu. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya ile misumari. Baada ya hapo niliendelea hivyohivyo: nakula, nafanya kazi, najibu salamu, na ndani kumetulia kama stoo iliyofungwa. Nilipouona mti umeinama sikuogopa kama mtoto anavyomwogopea mama yake. Niliona kitu ambacho hakijanyooka.

Nilichukua likizo ya wiki mbili. Mwenyekiti wa kijiji akaniandikia ruhusa ya kuukata mti. Hoteli ilikuwa na msumeno wa mashine, ila petroli ilikuwa ya magari ya wageni tu, na hata hiyo haikutosha. Watu wakaniambia nimfuate fundi mmoja wa kijiji cha Daa, Mwiraqw, ambaye alikuwa akipanda miti na kuishusha kipande kipande bila kuvunja hata kigae. Nikaazima baiskeli nikaenda.

Nilimkuta amekaa chini anatia makali msumeno kwa tupa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mkavu, mwenye viganja vipana. Pembeni alikuwepo shemeji yake, aliyemwoa dada yake mdogo, kijana wa rika la kaka yangu kama ningekuwa naye.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Mangi wa cherehani?"

"Cherehani ilikuwa ya baba. Mimi nipo stoo ya hoteli."

"Mangi ni Mangi tu," alisema shemeji, maana kwao Mchaga yeyote ni Mangi. "Hata akiwa amelala ni Mangi aliyelala."

Walikuja kesho yake. Mimi nilikuwa nimeshautayarisha mti. Nilikuwa nimepima mwinamo kwa timazi, nikachora mistari ya chaki kuzunguka shina, na mshale wa kuonyesha mti uangukie wapi. Fundi aliutazama mshale muda mrefu.

"Nani ameuchora?"

"Mimi."

"Umeuandikia barua?"

Shemeji alicheka mpaka akaweka shoka chini. "Mti huu haujui kusoma, Mangi. Ungejua usingeinama hivi."

Sikucheka. Nilikuwa naona kuwa mkia wa mshale umepinda.

Fundi alilipiga shina kwa kisogo cha shoka, hapa na pale, huku amesogeza sikio. Kisha akalala chali katikati ya mabua ya mahindi na kukaa hapo karibu saa nzima akitazama upepo unavyoyachezesha matawi. Nilidhani amesinzia. Alipoinuka alisema kuwa shina si tatizo, tatizo ni kichwa. Uzito wote umekwenda upande wa nyumba. Atapanda, atayapunguza matawi moja moja na kuyashusha kwa kamba, na siku ya mwisho atauangusha mti uliobaki kwenye korongo. Siku tatu.

Halafu akanipa sharti.

"Nikiwa juu nina sikio moja tu. Sikio hilo ni la huyu." Alimwonyesha shemeji kwa kidevu. "Nitamwuliza, 'Umeshika?' Akisema, 'Nimeshika,' nakata. Akinyamaza, sikati. Watu wengine wote wanyamaze. Hata mama. Hata mwenyekiti akija na kamati yake."

"Na mwenye mti?"

"Hasa mwenye mti."

Nilisema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Sikukosea kwa kutojua.

Kamba yao ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, imesukwa, waliipata kwa wafugaji wa Endulen. Fundi hakuziamini kamba za katani. Alisema zinaoza ndani huku nje zinang'aa. Alipanda na kufunga ncha moja kwenye tawi, ikapita kwenye panda ya mti juu yake, ikashuka mpaka kwenye mgrivea uliokuwa pembeni. Hapo shemeji aliizungusha mara tatu kwenye shina na kushika mwisho wake. Tawi likikatika, ile mizunguko ndiyo inayobeba uzito, na mshika kamba analiachia lishuke polepole. Niliona inavyofanya kazi nikavutiwa. Kijitabu hakikuwa na picha ya hilo.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Tawi la kwanza likashuka kama ndoo kisimani. La pili, la tatu. Mama alikuwa ndani, nilisikia anasaga kitu. Harufu ya majani ya mkaratusi ilijaa uwanja mzima, ile harufu ya dawa ya kifua.

Tawi la nne lilikuwa nene kama paja na lilikuwa juu ya bati za chumba cha mama. Fundi alijifunga kiuno kwenye shina, akakaa kwenye panda, akainama upande wa pili nisikoweza kuona, akafanya kitu kwa panga. Kisha akachukua msumeno na kuanza kukata kutoka juu.

Picha ya ukurasa wa kumi na moja ikanijia. Tawi limekatwa kutoka juu bila kutanguliza mkato wa chini, likakatika nusu, likachana ganda la shina mpaka chini. Alama ya mkasi juu yake. Nikawa kama nimeona blanketi lililotokeza. Nilijizuia. Nilitazama chini. Nikatazama tena juu, na msumeno ulikuwa umeshaingia zaidi ya nusu, na bado sioni mkato wa chini, na hakuna mtu mwingine aliyejali.

Nikasema yale maneno sita.

Fundi aligeuza kichwa akanitazama. Mwenye kazi amesema, naye alikuwa mtu wa adabu. Aliacha kulitazama tawi. Shemeji naye aligeuka, na kamba ikateleza mzunguko mmoja kwenye mgrivea. Upepo ukapiga. Tawi lilikatika kabla ya kuulizwa mtu yeyote, likazunguka na kamba iliyolegea, likamrudia fundi na kuubana mkono wake wa kushoto kwenye shina.

Hakulia. Alisema kitu kifupi kwa Kiiraqw, na shemeji akavuta kwa mwili wote mpaka tawi likaachia. Kisha akapanda kumfuata. Walishuka pamoja, mmoja amembeba mwenzake nusu. Chini ya kiwiko mkono ulikuwa na pembe isiyokuwapo asubuhi.

Mama alikuwa ameshatoka. Alivua kanga ya begani akaufunga mkono, kisha akakimbia barabarani mwenyewe, na akasimamisha Landrova ya watalii iliyokuwa inapanda Ngorongoro. Dereva alikuwa kijana wa Arusha.

"We kijana!" dereva aliniita. "Mbona umesimama kama nguzo? Fungua mlango wa nyuma!"

Nilifungua. Wazungu wawili walisogeza kamera zao na kumpisha fundi. Mmoja, mwanamke mzee, alimshikia kichwa. Alikuwa amevaa kofia yenye ukanda uliopachikwa upande, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama ule ukanda. Gari liligeuza kwenda hospitali, shemeji naye ndani yake.

Nilirudi chini ya mti peke yangu. Tawi lilikuwa limelala kwenye mahindi. Nililigeuza kwa mguu kuona mahali lilipokatika, na nikaukuta mkato wa chini. Ulikuwepo. Vidole vitatu kwenda ndani, umekatwa kwa panga, umenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuchora. Fundi alikuwa ameufanya upande ule nisikoona.

Sikuhisi kitu. Nataka niseme nilihisi, lakini sikuhisi. Nilikusanya vyombo vyao, shoka, mapanga, misumeno miwili, nikavipanga kwenye gunia kutoka kirefu mpaka kifupi. Mama alinikuta nafanya hivyo.

"Unafanya nini?"

"Napanga vyombo."

"Mh," alisema, akaingia ndani.

Majirani walipouliza, nilijibu kuwa tawi lilimponyoka fundi. Nilijibu hivyo siku nne mfululizo. Mama alinisikia na hakunisahihisha.

Mti sasa ulikuwa umebaki na matawi mazito ya upande wa nyumba, na yale machache yaliyotolewa hayakusaidia sana. Siku ya tatu mvua ilinyesha juu milimani. Kwetu halikudondoka hata tone, ila alasiri korongo lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakapita yakivuta udongo. Yalipokauka niliona ufa umejitokeza ardhini, upande wa korongo, umezunguka mguu wa mti. Nilipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande. Asubuhi iliyofuata ufa ulikuwa wa kidole kimoja. Asubuhi nyingine, vidole viwili. Nilikuwa napima kwa uangalifu kabisa. Nilikuwa namweleza mama vipimo, naye anasema, "Haya," anarudi kwenye chumba chake.

Nilikwenda kutafuta mafundi wengine. Nilipata watu watatu pale Karatu, wawili wakiwa na kazi nzuri, nimeziona. Wote walinijibu namna moja. Mmoja alisema hivi:

"Ule si mti wa yule wa Daa?"

"Ameumia."

"Nimesikia. Lakini ameuanza yeye. Mti ulioanzwa na fundi sisi hatuugusi mpaka mwenyewe aseme. Amekwambia tuuguse?"

"Sijamwuliza."

"Kamwulize."

Kwa hiyo siku ya tano nilipanda tena baiskeli kwenda Daa. Njia ilikuwa na matope ya ile mvua ya milimani, na nilishuka mara mbili kukwangua magurudumu kwa kijiti. Ningetamani kusema kuwa nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Alikuwa ameshatoka hospitali. Alikaa mlangoni, mkono umefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Shemeji alikuwa anapasua kuni na hakuinua uso.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mti umeanguka?"

"Bado. Ufa umefika vidole viwili."

"Na mama?"

"Yupo ndani ya chumba chake."

Akatikisa kichwa. "Mama yako ana kichwa kigumu. Ni mtu mzuri, lakini ana kichwa kigumu."

Nilikaa. Mkewe aliniletea uji, nikaushika bila kunywa. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinipotea yote, na nikasema bila mpangilio, "Fundi, ni mimi niliyesema."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa juu."

"Nilidhani hujakata chini."

"Nilikuwa nimekata."

"Niliona baadaye."

"Ehe," alisema. "Uliona baadaye."

Shoka la shemeji liliendelea. Kisha likanyamaza. "Mimi sipandi mti badala yako, huyu akiwa pale," alisema, akimwambia fundi kana kwamba mimi sipo. "Mfungeni ndani na mama yake. Mfungeni mdomo kwa kamba ya Endulen."

"Nani atakushikia kamba, shemeji?" fundi aliuliza. "Mimi na mkono huu?"

"Tutatafuta mtu."

"Mtu yupo." Akaninyooshea kidevu. "Atashika yeye."

Shemeji alicheka, cheko la hasira. "Yeye? Huyu anayesema hovyo?"

"Anayeshika kamba ana neno moja tu la kusema siku nzima. Mpe hilo." Kisha akanigeukia. "Utashika kamba. Ukiwa umeshika, unaambiwa 'Umeshika?', unajibu 'Nimeshika.' Neno lingine huna. Hata ukiona mti umeota pembe. Unaweza?"

Nilisema naweza. Sikuwa na hakika.

Walikuja asubuhi iliyofuata, na mimi nilikuwa nimebakiwa na likizo ya siku tano. Nilikuwa nimefuta chaki yote kwa maji. Shemeji alinifundisha mizunguko mitatu kwenye mgrivea, miguu ikae vipi, mkono upi uwe mbele. Hakuniita Mangi wala jina lolote. Nilipoinua macho juu alinipiga begani.

"Usitazame tawi. Tawi si lako. Tazama kamba."

Fundi alikalia kigoda cha mama pembeni ya uwanja, hogo mapajani, bua la nyasi mdomoni. Naye alinyamaza kama watu wengine wote. Sharti lilikuwa lake na alilifuata.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Uzito wa tawi ulipokuja mara ya kwanza ulinivuta hatua moja mbele. Viganja viliungua. Niliachia polepole, likashuka. Baada ya hapo sikumbuki sana. Nakumbuka kamba: mahali iliposukwa vizuri na mahali pawili ambapo msukaji alichoka. Niliziona kasoro zile siku nzima zikipita mikononi mwangu na sikumwambia mtu.

Saa tisa alasiri lilibaki tawi kubwa la mwisho, lile lililokuwa limefunika bati za chumba chote. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka milimani, na manyunyu yakaanza. Shemeji alikuwa ameshakata nusu. Ilikuwa lazima amalize. Tawi lililokatwa nusu haliachwi lipigwe na mvua.

Ndipo mama alipotoka. Alikuwa na nguo kwenye kamba ya kuanikia, chini ya mti kabisa, kanga mbili na shuka moja, na alikuwa ameona manyunyu. Siku zote mbili za kazi hakuwahi kutoka tukiwa tumefunga tawi. Nadhani alikuwa ameshazoea ukimya wetu akadhani tumepumzika.

Mimi nilimwona. Fundi alimwona, niliona bua likisimama mdomoni mwake. Shemeji hakumwona, majani yalikuwa kati yao.

"Umeshika?" aliuliza kutoka juu.

Nilikuwa nimeshika. Kamba ilikuwa imekaza, mizunguko mitatu, miguu ipo mahali pake. Na koo langu lilikuwa limejaa maneno. Mama, ondoka. Shemeji, ngoja, mama yupo chini. Yote yalikuwa maneno ya kweli na yote yalikuwa tayari kutoka. Shemeji angegeuka kuniangalia. Mama angesimama palepale na kuinua uso kuuliza kuna nini.

Sikujibu.

"Umeshika?"

Mama alitoa kibanio cha kwanza. Akatoa cha pili. Aliikunja kanga, upindo kwa upindo, akailainisha kwa kiganja, akaiweka begani. Akaanza ya pili.

"We, umelala?" Shemeji aliita kwa hasira. "Nauliza, umeshika?"

Shuka lilimchukua muda. Alilikunja mara mbili, akaona pembe hazikukutana, akalikunjua, akaanza upya. Nilimtazama akifanya hivyo kwenye manyunyu, chini ya lile tawi, na nikajua nimetoa wapi mambo yangu. Msumeno ulikuwa kimya juu. Shemeji alikuwa amekasirika, lakini hakukata. Nilikuwa sijasema.

Mama aliingia ndani. Nilisubiri mpaka nikasikia komeo.

"Nimeshika," nilisema.

Tawi lilikuja lote kwa mara moja. Lilinivuta mpaka bega likagonga mgrivea, nikaachia kidogo, nikakaza, nikaachia, na likakaa chini bila kugusa bati. Liliangusha nguzo moja ya kamba ya kuanikia, basi.

Shemeji alishuka akiwa na maneno mdomoni. Fundi akamwambia kitu kwa Kiiraqw, maneno machache, akionyesha nyumba, halafu kamba ya kuanikia. Shemeji aliitazama ile nguzo iliyoanguka. Alinitazama mimi. Kisha akanikamata kiganja, akakigeuza, akaona kilivyochubuka.

"Mangi," alisema, "kesho tafuta gunia la kufunga mikono."

Kesho yake tuliuangusha uliobaki kwenye korongo, kwa kamba mbili, na fundi mwenyewe alionyesha kwa mkono wake mzima mahali pa kukata. Ulianguka vizuri. Mama alitoka, akasimama kwenye kisiki, akasema chumba sasa kitakuwa na joto la mchana. Baada ya wiki moja, nikiwa nimesharudi kazini, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na aliniletea habari kwa dereva wa hoteli kuwa kisiki na nusu ya mizizi vimeteremka kwenye korongo.

Sasa imepita miaka minne. Sijawa mtu mwingine. Mablanketi ya stoo bado nayapangua, na barua za wenzangu nazisahihisha bila kuombwa, wanachukia. Kaburini kwa baba nimekwenda mara tatu na bado sijalia. Mkono wa fundi ulipona ukiwa umepinda kidogo, na vidole viwili havikunjiki. Hakupanda mti tena. Shemeji yake ndiye anayepanda, na fundi anakaa chini na kuelekeza kabla kazi haijaanza. Likizo zangu zikiangukia kwenye kazi yao, wananiita, nami nakwenda kushika kamba. Mtu akiwa juu ya mti, mimi sisemi mpaka niulizwe. Na nikiulizwa, nina neno moja.